Tura, Mahali pa Kutua Mzigo

Sisi tuliokulia kando ya reli tulijua hesabu kabla ya kukaa darasani. Treni ya kutoka Dar es Salaam ikisimama, mtoto mwenye beseni la karanga alikuwa na dakika chache tu za kupima kopo, kupokea noti ya abiria na kurudisha chenji dirishani kabla honi haijalia. Aliyekuwa mzito wa kujumlisha alimalizia hesabu yake akikimbia juu ya kokoto. Wapo abiria wa Kigoma ambao hadi leo tunawadai, na wapo wachache wanaotudai sisi.

Kamati ilipotuomba sisi wa upande wa hesabu tuandike makala ya historia katika kijitabu cha harambee ya mwaka huu, tulidhani wamekosea mlango. Walimu wa historia wapo, tena wazawa. Lakini kamati ilikuwa na sababu. Katika mkutano wetu uliopita dada mmoja alisimama akauliza swali ambalo halikupata jibu: Tura imepitiwa na biashara tangu enzi za mababu, misafara, reli, sasa lami, mbona mkono wetu uko mtupu kila tunapoitisha mchango? Mwenyekiti aliligeuza kuwa mzaha, tukacheka, tukaenda kula. Hata hivyo swali ni la kihasibu kabisa. Fedha iliingia, fedha ilitoka. Iliyobaki iko wapi?

Tuanze na jina, maana jina lenyewe ni la kibiashara. Richard Burton, Mwingereza aliyepita kwetu mwaka 1857 pamoja na John Speke wakielekea Kazeh, yaani Tabora ya leo, aliandika kwamba Tura maana yake ni "tua", weka mzigo chini. Mnyamwezi hahitaji kitabu cha Mzungu kulijua hilo. Kutula ni kuweka chini. Msafara uliotoka pwani ulikuwa umeshalipa hongo Ugogo, kisha ukaingia Mgunda Mkali, pori la siku kadhaa lenye maji ya kubahatisha, ambako wasafiri walihesabu visima kama sisi tunavyohesabu vituo vya mafuta. Tura ilikuwa mlango wa mashariki wa Unyamwezi, makazi ya kwanza yenye chakula baada ya pori hilo. Na waliotoka magharibi na pembe za ndovu walisimama hapahapa kununua chakula cha kuvukia pori lilelile. Utoke huku, utoke kule, lazima utue.

Tuiweke kwa tarakimu. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, karibu kilo 32, mbali na mkeka wake, chungu na silaha. Posho yake ya kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, nacho kwa vipimo vya leo ni kama gramu 700. Msafara wa watu 500 ukikaa siku tatu umekula vibaba 1,500, zaidi ya tani moja ya mtama, kabla hata haujafunga akiba ya kuondokea. Wanahistoria wengine wanakisia kwamba kuelekea mwisho wa karne ya 19 wapagazi wa njia hii ya kati walifika laki moja kwa mwaka. Hata kama si wote waliosimama kwetu, na hata tukiikata hesabu hiyo nusu, mkulima wa Tura alikuwa na soko ambalo mkulima wa leo hana: mnunuzi mwenye njaa, aliye mlangoni, asiyeweza kuondoka bila kununua.

Malipo yalikuwa merikani, kaniki, shanga na waya wa shaba. Nguo ilipimwa kwa mkono, shuka mikono minne, doti mikono minane, na mikono ya watu hailingani, kwa hiyo kila biashara ilianza na ubishi. Wanaume wengi wa Unyamwezi nao walikuwa wapagazi. Walikwenda Bagamoyo kiangazi na kurudi na nguo, majembe na ng'ombe. Wengine walirudi na watumwa, wakawaweka mashambani kulima chakula hichohicho kilichouzwa kwa misafara. Hilo nalo liko kwenye vitabu vyetu, na hatuoni haki ya kuandika upande wa mapato peke yake. Mzigo uliotuliwa Tura ulikuwa wa nguo na pembe, na mara nyingine ulikuwa wa watu waliofungwa minyororo.

Utajiri huo haukuwa na mizizi mirefu. Burton aliikuta Rubuga, kituo cha mbele yetu kuelekea Tabora, ina neema. Henry Stanley alipopita mwaka 1871 alikuta magofu. Katikati yake palikuwa na vita vya Mnywa Sere na Waarabu wa Unyanyembe, na baadaye wakaja Mirambo upande wa Urambo na Nyungu ya Mawe upande wa Ukimbu, kila mmoja akitaka kushika njia, kwa sababu aliyeshika njia alishika ushuru. Wote wawili walifariki mwaka 1884. Miaka tisa baadaye, Januari 1893, mtemi Isike alijilipua ndani ya boma lake Tabora badala ya kukamatwa na Wajerumani, na njia ikapata mwenyewe mwingine.

Wajerumani walileta mambo mawili yaliyobadilisha vitabu vya kila kaya. La kwanza ni kodi ya nyumba, iliyotangazwa mwaka 1897. Kwa mara ya kwanza mtu aliyekuwa na mtama ghalani, kuku uani na mizinga porini alihesabiwa kuwa hana kitu kwa sababu hakuwa na rupia. La pili ni reli. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Watu husema reli ilileta maendeleo, na hatubishi. Bila reli wengi wetu tusingesoma. Lakini mhasibu lazima aangalie safu zote mbili. Behewa moja lilibeba mizigo ya mamia ya wapagazi, wala halikula mtama. Garimoshi lilitaka maji na kuni, likapiga honi likaondoka. Soko la miaka yote hiyo, la mnunuzi mwenye njaa mlangoni, lilifungwa, na Tura ikabaki kituo.

Vita Kuu ilipita juu ya reli hiyohiyo, Wabelgiji wakaingia Tabora Septemba 1916, kisha Waingereza wakachukua nchi pamoja na kodi. Kwa pande zetu njia ya kupata fedha ya kodi ilikuwa miguu. Vijana walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakirudi na blanketi, baiskeli kwa aliyejaliwa, na pengine kifua kibovu. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ilikusanya watu wa maeneo yenye malale wakae pamoja, mbali na mbung'o. Sehemu kubwa ya msitu ikabaki bila moshi wa jiko. Nta na asali viliendelea kutoka msituni, na nta ya Tabora ilisafirishwa hadi Ulaya. Ni biashara pekee ya enzi hizo ambayo mali yake ilitoka kwetu, ilivunwa na sisi, na haikuhitaji mgeni atue mzigo kwanza.

Kisha karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga Kongwa, Nachingwea na Urambo, huku kwenye mkoa wetu. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Hadi mpango ulipovunjwa mwaka 1951, ulikuwa umekula karibu pauni milioni 36, na karanga zilizovunwa hazikufika mbali. Hatukusudii kumcheka mtu. Tunautaja kwa sababu ni mfano wa kwanza katika mkoa wetu wa mradi ulioandikwa kikamilifu, wenye bajeti, ramani na wataalamu, uliokosa kumuuliza mama wa Unyamwezi ambaye analima karanga kila mwaka kwa jembe la mkono udongo huu unakuwaje kiangazi kikikaza. Urambo baadaye ilipata tumbaku. Sisi tulipata kuiona mashine ikipita.

Uhuru ulipokuja, swali la nani anafaidika liliulizwa waziwazi. Azimio la Arusha la Februari 1967 na waraka wa Ujamaa Vijijini wa mwaka huohuo vilisema maendeleo ya mtu yatoke kwa mtu. Mwanzoni watu walialikwa. Novemba 1973 ikatoka amri kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mmoja awe anaishi kijijini, na operesheni ikaanza. Kufikia 1977 watu milioni 13 nchi nzima walihesabiwa kuwa wamo vijijini.

Hapa tunaomba tukae kidogo, kwa sababu wazee wetu bado wapo na hili hawalisemi sana. Makazi ya zamani pande zetu yalikuwa ya kutawanyika, kaya hapa, kaya kule, kando ya mbuga ambako maji hukaa na mpunga huota. Mtu alijua mizinga yake iko miti gani. Operesheni ilipowasogeza watu kwenye mistari karibu na reli na barabara, ile mizinga haikusogea. Yaliyoachwa tunayaita mahame, na ukipita porini na mzee atakuonyesha: hapa palikuwa kwa fulani, huo mkuyu ndio ulikuwa uani. Umbali kati ya nyumba mpya na hame haukuandikwa kwenye gharama za operesheni, lakini mtu aliutembea kila siku ya kilimo, kwenda na kurudi.

Na bado, shule. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote uliofikia kilele mwaka 1977 usingewezekana kwa kaya zilizotawanyika, na wengi wa wanaosoma kijitabu hiki wamesoma katika madarasa yaliyojengwa kwa sababu watu walikuwa wamekusanywa. Tulipojadili makala hii kwenye kamati, wajumbe wawili walikaribia kugombana juu ya jambo hilo. Mmoja babu yake alivunjiwa nyumba, mwingine mama yake alikuwa mtoto wa kwanza wa kike katika ukoo kujua kusoma. Tumeamua kuandika yote mawili na kuwaacha waendelee.

Lililotuumiza kimahesabu lilikuwa jingine. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa. Mwaka 1976 vyama vya ushirika navyo vikafutwa, mazao yakanunuliwa na mashirika ya umma, nafaka ikaenda kwa Shirika la Taifa la Usagishaji. Ndani ya miaka minne mkulima alinyang'anywa vyombo viwili ambavyo angeweza kuvidai hesabu: halmashauri aliyoichagua na chama alichokinunulia hisa. Vyote vilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, lakini mazoea ya kudai hesabu hayarudishwi kwa sheria. Kizazi kizima kilizoea kwamba fedha ya pamoja ni ya mtu wa mbali.

Mwaka 1983 ikawa msako wa walanguzi, na kuanzia 1986 biashara ikaanza kufunguliwa. Mnunuzi akarudi kijijini, safari hii na lori. Tofauti yake na msafara wa zamani ni kwamba hana njaa. Anaweza kusubiri; mkulima mwenye ada ya mtoto na mgonjwa ndani hawezi. Ndiyo maana lumbesa imedumu ingawa Sheria ya Vipimo inaikataza. Fanya hesabu hii nyumbani: gunia la debe sita likishindiliwa na kuvikwa kilemba hadi debe saba, mkulima anayeuza magunia kumi kwa bei ya debe sita ametoa debe kumi bure. Hayo ni gunia zima na zaidi ya nusu ya jingine. Kijiji chenye wakulima 200 wa namna hiyo kimegawa magunia zaidi ya 300 kwa msimu mmoja, bila risiti. Sisi tunaochanga elfu ishirini ishirini Dar es Salaam tunajaribu kujaza pipa ambalo limetobolewa chini.

Sasa tuseme la kwetu wenyewe, maana anayekagua wengine naye akaguliwe. Mmeona maboma. Utaratibu wa siku hizi unajulikana: wananchi wanachanga tofali, mchanga na nguvu kazi, wanapandisha kuta hadi lenta, halafu Serikali inaombwa imalizie. Ni utaratibu mzuri ukifanya kazi, na kuna shule na zahanati nyingi zilizokamilika kwa njia hiyo. Lakini katika kijiji kimoja cha pande zetu kuna boma la zahanati ambalo sisi, watu wa mjini, tulilichangia kwa shangwe miaka mingi iliyopita. Lilifika lenta. Hapo mchango ukakauka, kamati ikabadilika, na kitabu cha hesabu kilipofikishwa kwetu kilikuwa na kurasa za michango zilizojaa majina na ukurasa wa matumizi wenye mistari minne, saruji, nondo, usafiri, mengineyo. Hakuna stakabadhi hata moja. "Mengineyo" ilikuwa kubwa kuliko saruji. Mvua za misimu zimeshalila boma, na miti imeota ndani. Mama mmoja wa kijiji hicho alituambia bila hasira kwamba kwa kivuli halina ubaya.

Hatusemi mtu aliiba. Tunasema hatuwezi kuonyesha kwamba hakuiba, na kwa fani yetu hilo ni deni. Wanachama wengi walioacha kuchanga waliacha tangu boma lile, na wana haki.

Mambo yanayokuja hayatatusubiri tumalize aibu. Barabara ya lami kutoka Manyoni kupitia Itigi na Chaya hadi Tabora imekamilika, na kipande cha Nyahua hadi Chaya, kilomita 85.4, kilizinduliwa Mei 2022. Desemba 2021 ulisainiwa mkataba wa reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora, kilomita 368 pamoja na njia za kupishania. Sisi tuliopanda treni mpya ya umeme kwenda Dodoma tumefurahi kama wengine, lakini kuna kitu tulikitazama haraka kuliko viti: madirisha hayafunguki. Saranda ilijulikana kwa kuku, kila kituo kilikuwa na chake, na biashara yote ile ilipita dirishani. Beseni la karanga halina mahali pa kuingilia katika treni hii.

Ndiyo maana mwaka huu harambee si ya jengo la kuta na lenta. Baadhi yetu wa Dar es Salaam tulipendekeza mnara wa kumbukumbu ya misafara, ili watalii waje. Hoja haikuwa mbaya: njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe imo katika orodha ya awali ya Tanzania kwa UNESCO, ikiwa na vituo kama Kilimatinde na Kwihara, nasi tuko katikati yao na hatumo. Tukapiga simu nyumbani kuwauliza wazee. Mzee mmoja alisikiliza hadi mwisho, akauliza mnara utapima kilo ngapi. Hatukumwelewa. Akaeleza kwamba wao wamekuwa wakiomba mizani.

Kwa hiyo ni mizani, ghala la wastani lenye sakafu ya saruji na vichaga, na mtaji mdogo wa kumkopesha mkulima anayeweka mpunga, mahindi au asali yake humo ili avuke miezi ya njaa bila kuuza kwa lumbesa. Si wazo jipya. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ni ya mwaka 2005, na inafanya kazi kwenye mazao makubwa ya mikoa mingine. Sisi tunalileta kwa kimo chetu. Linaweza kushindwa. Bei ikianguka wakati mali iko ghalani, mkopo utakuwa mzigo kwa mkulima na kwetu, na tumetenga akiba kwa ajili hiyo badala ya kuiahidi kwamba haitatokea. Ghala litakuwa mali ya kijiji kwa kumbukumbu za mkutano mkuu wa kijiji, si mali ya umoja wetu wa mjini. Funguo zitakuwa mbili kwa watu wawili. Bajeti yote iko ukurasa wa mwisho, na mtaona hakuna mstari wa "mengineyo".

Hesabu za kwanza zitasomwa Tura, siyo Dar es Salaam, Jumamosi ya kwanza baada ya ghala kupokea mavuno, na nakala itabandikwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji palepale wanapobandika matangazo ya chanjo. Wanaokuja kwa basi waseme mapema ili wapokelewe barabarani. Boma la zamani nalo litatembelewa siku hiyo, kwa miguu, na kitabu chake cha hesabu kitakuwapo kwa yeyote anayetaka kukiona. Na kama kuna abiria wa Kigoma wa miaka ile aliyeondoka na karanga zetu kabla hajalipa, naye anakaribishwa. Mizani itakuwa tayari.